Bosi aliondoa kiti cha mlinzi getini. Kiti nilikibeba mimi

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, wenye haraka mpite salama, sitawanunia.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa msimamizi wa yadi kwenye kampuni moja ya malori hapa Dar, upande wa Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Jina la kampuni msiniulize. Mizigo yetu mingi ilikuwa ya nyanda za juu kusini mpaka Tunduma, mingine ilivuka mpaka. Yadi ilikuwa na geti moja, na getini alikuwepo mzee wa kama miaka sitini tuliyemwita Babu. Hata madereva wenye wajukuu walimwita Babu. Unafika asubuhi, shikamoo Babu, marahaba baba, anavuta mnyororo, unaingia.

Babu alikuwa na kiti. Nikieleze vizuri maana ndicho chenye uzi huu. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, mguu mmoja ukavunjika, fundi wa bodi akaona njia rahisi ni kuikata na ile mitatu iliyobaki ilingane. Kikabaki kifupi, ukikaa magoti yanakusogelea kifuani. Kikalio kilishaoza zamani, pakawambwa vipande vya tyubu ya tairi vilivyosukwa kama kitanda cha kamba. Kibaya kwa macho, hilo sibishi. Mgeni akifika, baada ya kuona geti anaona kiti.

Akaja meneja mpya. Nimtendee haki, hakuwa mjinga. Kabla yake mshahara ulikuwa unaingia tarehe yoyote Mungu aliyojalia, yeye akaubana ukawa unaingia tarehe 25. Wizi wa dizeli ukapungua, na mimi ndiye nilikuwa nafanya hesabu ya dizeli, kwa hiyo najua. Ila alikuwa na tabia moja: alikuwa anaamua akitembea. Anapita, anaona kitu, anatoa amri, anaendelea na safari yake, funguo za gari zinazunguka kidoleni.

Siku hiyo saa nane mchana, jua la Januari, anarudi kutoka mjini anamkuta Babu kalala kitini, kofia usoni. Hakupiga honi. Alishuka, akampiga picha kwa simu, akafungua geti mwenyewe, akaja moja kwa moja ofisini kwangu.

"Kile kiti kitoke. Leo. Mlinzi analipwa kulinda, halipwi kukaa."

Nikasema sawa bosi.

Sasa sikilizeni ambacho sikusema. Walinzi wetu walikuwa na zamu za masaa kumi na mawili, wiki ya mchana, wiki ya usiku. Mwenzake Babu alikuwa amefiwa, kaondoka usiku kwenda Singida kuzika. Aliyemwambia Babu "nisaidie unganisha mpaka jioni, nitakupa ya soda" ni mimi. Kwa hiyo saa ile nane mchana Babu alikuwa pale getini tangu saa kumi na mbili jioni ya jana yake. Piga hesabu. Masaa ishirini. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtu asifanyishwe kazi zaidi ya masaa 12 kwa siku, hata akikubali mwenyewe. Nilikuwa naijua, nilihudhuria semina yake na posho nikala.

Ningesema sentensi moja tu, bosi angejua aliyekosea ni nani. Sikuisema. Nikatoka nikaenda getini.

Babu alikuwa ameshasimama, kaamka na mlio wa mnyororo, kofia kaivaa vizuri. Nilimwambia Babu, samahani, maagizo kutoka juu. Hakuuliza kwa nini. Nilipokiinamia kiti kukibeba akaniambia, "Angalia huo msumari upande wa kushoto, utakuchania suruali."

Nikakipeleka stoo. Naendelea kesho, network inasumbua.

#2

Mkuu mimi nimeshakaa siti ya mbele. Natumaini huku viti havijaondolewa.

#3

Mleta uzi acha kutuchezea hisia. Mimi ni mwajiri, nina duka la vifaa vya ujenzi na walinzi wawili. Mlinzi akilala ninayeibiwa ni mimi, haibiwi "kiongozi bora". Niliwahi kuamka asubuhi nikakuta nondo tani nzima hazipo na mlinzi anakoroma. Bosi wako alikuwa sahihi.

#4

Hapo kwenye msumari nimesimama kidogo. Endelea mkuu.

#5 (mleta uzi)

Nimerudi. Mkuu wa #3, nimekusoma, nitakufikia, usiondoke.

Wiki ya kwanza baada ya kiti kuondoka hakukutokea kitu. Babu alisimama. Akichoka aliegemea nguzo ya geti, na bosi akipita alijiondoa kwenye nguzo. Geti lilifunguliwa na kufungwa kama kawaida. Ungeniuliza, ningekwambia bosi kapatia.

Kilichobadilika kwanza ni daftari. Pale getini kulikuwa na kauntabuku kubwa la kuandikia malori: namba ya gari, jina la dereva, saa ya kutoka, saa ya kuingia. La zamani lilikuwa chafu sana. Pembeni ya mistari Babu alikuwa anajaza maneno yake. "Tela nyuma kushoto inanuka." "Huyu kijana ana homa, nimemwambia." "Turubai imefungwa kishoga, warudi." Kishoga hapo msiichukue kwa maana yenu vijana, kwake ilikuwa uzuri wa juu juu tu, kama mashoga wa kike wanaosifiana. Bosi alikuwa ameshalilalamikia lile daftari mara mbili.

Baada ya kiti, daftari likawa safi. Namba, jina, saa. Namba, jina, saa. Mwandiko umenyooka kama wa mtoto anayeogopa mwalimu. Kwenye kikao cha Jumatatu bosi akalinyanyua mbele yetu sote: mnaona? Hiki ndicho ninachotaka. Tukapiga makofi, na mimi nikapiga.

Ilinichukua muda kuelewa kilichokuwa kimetokea, na nimeelewa kwa kukaa chini. Kweli kabisa, siku moja nilikwenda stoo, nikakalia kile kiti, nikatazama mlangoni wakati lori linapita. Macho yangu yalikuwa usawa wa tairi. Habu ya katikati ya gurudumu ile pale, nati zile pale, chini ya tela naona mpaka upande wa pili. Nikasimama, nikaona mlango wa dereva na namba ya gari.

Basi Babu miaka yote ile alikuwa amekaa kwenye usawa ambao hakuna mtu mwingine kwenye kampuni alikuwa anautumia. Dereva yuko juu. Fundi anaitwa kitu kikishaharibika. Mimi nilikuwa ofisini na hesabu zangu za dizeli. Ila kila lori lililotoka alfajiri lilipita polepole mbele ya macho ya mzee aliyekaa chini, akiwa na tochi, na asiye na haraka ya kwenda popote. Nati ya tairi ikilegea, kutu hushuka kutoka kwenye nati kama michirizi juu ya rimu. Babu alikuwa anasema "hii nati inalia". Sili ya habu ikipasuka, grisi inaruka upande wa ndani wa tairi, inashika vumbi, inakuwa nyeusi. Haya ukiwa umesimama huyaoni mpaka uiname, na hakuna aliyemwagiza Babu ainame. Hata kukaa akaangalia hakuna aliyewahi kumwagiza. Alikuwa anafanya tu.

Wiki ya tatu tukapakia mbolea kwenda Mbeya, tela lenye ekseli tatu. Likatoka saa kumi alfajiri. Likapita mizani ya Vigwaza bila shida, maana mizani inapima uzito, haipimi beringi. Lilipita Chalinze, halijafika Mikese dereva akaona moshi kwenye kioo cha pembeni. Beringi ya ekseli ya nyuma kushoto ilikuwa imekufa, habu imeungua, tairi linakaribia kushika moto. Utingo alimwaga maji yote ya kunywa waliyokuwa nayo.

Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Ila gari lilikaa barabarani siku mbili, tukakodi lori lingine la kuhamishia mzigo, makuli wa kule wakatupiga bei wanayotaka kwa sababu walijua hatuna pa kwenda, na usiku wa pili mvua ikanyesha. Mbolea na mvua mnajua wenyewe.

Kikao. Bosi kakasirika, ana haki. Fundi anasema beringi haifi kwa usiku mmoja, lazima ilikuwa inavuja grisi siku kadhaa. Bosi akamgeukia Babu. Mzee, hili gari limetoka mikononi mwako. Zamani ulikuwa unaandika kila takataka humu, safari hii hukuona?

Babu alivua kofia. Akasema, "Bosi, niliambiwa nisimame. Nilisimama."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

#6

Duh. "Nilisimama."

#7

Mimi niko Mombasa, huku mlinzi twamwita soja. Sisi bosi wetu alikata chai ya saa nne. Kettle ikatiwa kabatini, ufunguo kwa karani. Ati watu wapoteza dakika ishirini. Ndugu yangu, zile dakika ishirini ndipo watu wa makaratasi walipokuwa wakionana na watu wa ghala. Kontena gani imezuiwa, forodha wataka nini, nani hajaleta stakabadhi, yote yalisemwa pale kwenye kikombe. Chai ilipokwisha ikabidi kila neno liandikwe barua pepe. Na barua pepe huku hujibiwa Ijumaa.

#8

Mimi ni dada wa kaunta, supamaketi, sitasema ipi. Tunasimama kutwa. Kiti kipo, kimewekwa nyuma, ila ni cha "mteja mjamzito". Mimi mwenyewe nilisimama hapo na mimba ya miezi saba. Nikisoma huu uzi natamani bosi wangu naye akalie kile kiti cha Babu.

#9 (mleta uzi)

Dada wa #8, pole sana. Haya mambo ya kiti ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Uingereza walitunga sheria mwaka 1899 ya viti kwa wanawake wauza maduka: kiti kisipungue kimoja kwa kila wanawake watatu. Fikiria, bunge zima likakaa (limekaa!) kujadili wauza duka wakae. Na Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 120 wa mwaka 1964 kuhusu maduka na maofisi, ndani yake kuna kifungu kinachosema viti vya kufaa viwepo vya kutosha na wafanyakazi wapewe nafasi ya kuvitumia. Aliyeandika hayo maneno ya mwisho alikuwa anaijua dunia. Alijua kuna bosi ataleta kiti kisha akataze kukikalia.

Wa Mombasa, umesema kitu ambacho mimi nilichukua miaka kukipata, wewe umekimaliza na kettle. Watu wakiwa na bosi mbaya tunadhani wataacha kufanya kazi. Hawaachi. Wanafanya kazi vizuri tu, ile iliyoandikwa. Wanachoacha ni kukwambia. Babu hakugoma hata siku moja, daftari lake lilikuwa safi kuliko la mlinzi yeyote Pugu Road nzima. Habari ndiyo iliyokatika, na habari ikikatika husikii mlio. Umeme ukikatika utajua, maji yakikatika utajua. Hii unakuja kuijua karibu na Mikese.

#10

Mnamlaumu bosi bure, nchi hii ilishatoa dawa ya hayo tangu 1971. Someni Mwongozo wa TANU, chama tawala enzi hizo, kifungu cha 15. Ulipiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa anaowaongoza.

#11 (mleta uzi)

Mkuu wa #10, umenigusa kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa kiwandani hapo hapo Pugu Road miaka hiyo. Anasema kifungu cha 15 kilikuwa kinajulikana kwa namba, kama namba ya basi. Mfanyakazi akitukanwa na meneja anamjibu, "kumi na tano hiyo". Na kweli migomo ya kuanzia 1971 mpaka 1973 mingi haikuanzia kwenye mshahara, ilianzia kwenye lugha chafu na dharau za mameneja. Kuna sehemu wafanyakazi waliwafungia mameneja nje ya geti. Pale kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, walifika hatua ya kukishika wenyewe.

Ila usiniuzie hiyo kama dawa iliyofanya kazi. Kuna wafanyakazi walioutumia huo huo Mwongozo wakaishia kupoteza kazi. Baba mdogo akifika hapo kwenye hadithi huwa anabadilisha mazungumzo anaanza kuulizia mvua.

#12

Mfano wa uongozi ni Mwalimu Nyerere 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakalalamikia mishahara ya wakubwa. Mwalimu akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Akaanza na yeye. Mabosi wa leo wanaanza na kiti cha mlinzi.

#13 (mleta uzi)

Sentensi yako ya mwisho naichukua, nitaiandika ukutani. Lakini mfano tuuchukue wote, tusichukue nusu inayotufurahisha. Siku ile ile wanafunzi karibu 400 walifukuzwa chuo wakarudishwa makwao. Mtu mmoja, siku moja, kajikata mshahara na kawafukuza waliomwambia. Waliofukuzwa hawakuisahau ile nusu nyingine.

#14 (yule yule wa #3)

Nimesoma yote. Bado hujajibu. Mlinzi kulala ni kosa au si kosa?

#15 (mleta uzi)

Ni kosa. Nasema bila kupepesa. Na bosi angemwita akamwandikia onyo nisingekuja hapa kuandika. Onyo linasema wewe umelala, siku hii, saa hii. Na onyo lina maelezo ya mhusika. Babu angepewa kalamu, angeandika "nipo kazini tangu jana jioni kwa maagizo ya msimamizi", na kosa lingepanda ngazi mpaka mezani kwangu, mahali pake.

Kuondoa kiti hakuna maelezo ya mhusika. Umemwadhibu mtu bila kumsikiliza, halafu adhabu umeiita utaratibu, kwa hiyo haina mwisho. Onyo lina muda wake, likiisha limeisha. Kiti kikitoka kimetoka, hata yule mwenzake aliyekuwa Singida anazika alirudi akakuta naye anasimama. Alikuwa na kosa gani?

Na wewe mkuu wa nondo, pole kweli, tani nzima si mchezo. Nikuulize kwa heshima: huyo aliyekoroma alikuwa ameingia zamu saa ngapi, na mchana wake alikuwa wapi? Walinzi wengi ninaowajua mchana wana kibarua kingine, kwa sababu mshahara wa ulinzi tunaujua. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwako.

#16 (yule yule wa #3)

Alikuwa anaendesha bodaboda mchana. Nilikuja kujua baadaye.

Ila bado niliibiwa.

#17 (mleta uzi)

Uliibiwa, ndiyo. Sina la kukubishia.

Niwamalizie ya kwetu. Baada ya kile kikao bosi alinunua kiti kipya, cha plastiki, kirefu, cheupe, chenye mikono. Alikileta mwenyewe kwenye buti la gari lake. Namheshimu kwa hilo, maana alikuwa na watu wa kuwatuma. Babu akashukuru, akatundika koti lake pale, akaendelea kusimama. Wiki nzima kile kiti kilikuwa kimevaa koti kama afisa.

Nilimfuata jioni moja. Nikamwambia Babu, kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyekuunganisha zamu na nilinyamaza. Akasema, "Najua. Nilikuwa nasubiri useme." Kisha akaniuliza kama mtoto wangu amepona mafua. Nikaenda kwa bosi nikamwambia vilevile, kwa masaa yote ishirini. Alinitazama muda, akauliza kwa nini sikumwambia siku ile. Nikamjibu ukweli, kwamba alikuwa anatembea. Alikunja uso, sidhani kama alinielewa. Alinipa onyo la maandishi na nililistahili. Sehemu ya maelezo ya mhusika niliijaza ukurasa mzima.

Kiti cha chini nikakitoa stoo. Dada wa usafi alikuwa anakitumia kupandia akifuta feni, vipande viwili vya tyubu vimekatika. Fundi akavisuka. Kikarudi getini, na baada ya siku chache daftari likaanza kuchafuka pembeni. La kwanza kabisa lilikuwa: "Taa ya breki kulia haiwaki. Pia bosi mpunguze kasi getini kuna paka kazaa."

#18

Mleta uzi, na wewe sasa ni bosi mahali? Maana unaongea kama bosi.

#19 (mleta uzi)

Umenishika. Nina watu tisa, kazi ni hiyo hiyo ya mizigo, mahali pengine.

Na mwaka jana nilifanya ya kwangu. Bili ya umeme ilinitisha, LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, inaisha kabla ya mwezi kufika nusu, nikatoa tangazo: marufuku kuchaji simu kwenye soketi za ofisi. Nililibandika mwenyewe ukutani kwa selotepu nikajiona nimeokoa kampuni. Kuanzia hapo jioni madereva wakawa hawapatikani. Napiga, "mteja unayempigia". Nikaanza kukasirika, watu hawana nidhamu, wanazima simu makusudi.

Siku ya kumi na moja dada wa usafi alikuja na ndoo yake, akaanza kufuta dirisha ambalo alikuwa amelifuta asubuhi. Nikajua kuna jambo. Akasema, "Kaka, wale vijana usiku simu zao zimekufa chaji. Wanaogopa kukwambia." Halafu haraka haraka akaongeza kwamba yeye hakutumwa na mtu.

Tangazo nililibandua mbele yake. Selotepu ilitoka na rangi ya ukuta, alama ipo mpaka leo. Mla umeme mwenyewe alikuwa friji ya zamani tuliyokuwa tunawekea maji ya wageni.

Sijui kwa nini aliona anaweza kuniambia. Ningependa kusema ni kwa sababu nimejifunza kwa Babu. Inawezekana ni kwa sababu yule dada ana roho ngumu tu.

#20

Kiti kiko wapi sasa?

#21 (mleta uzi)

Nilijua kuna mtu atauliza.

Babu alistaafu, akarudi kwao Mkuranga. Mwezi wa mwisho aliandika barua, kwa mkono, ya kuomba aondoke na kiti. Yule bosi alikuwa ameshahamia kampuni nyingine, barua ikaja kwangu. Kwa utaratibu wetu hakuna kitu kinachotoka yadi bila hati, kwa hiyo nikaandika hati ya kutoa mali: kiti 1, cha mbao, kibovu. Nikasaini, nikagonga muhuri.

Siku ya kuondoka alikuwa bado yuko zamu mpaka saa kumi na mbili. Bodaboda ikaja kumchukua. Babu akaisimamisha getini, akachukua hati yake mwenyewe mfukoni, akaisoma mpaka mwisho na tochi ingawa kulikuwa bado na mwanga, akafungua kauntabuku akaandika namba ya pikipiki, jina lake na saa ya kutoka. Pembeni akaandika: "Msumari wa kushoto umeshapigwa."

Kisha akapanda na kiti chake mapajani, nikavuta mnyororo mimi.